Siku 12 za Kambi, Johannesburg Hadi Victoria Falls: Hesabu Yetu Yote Hii Hapa

Likizo ikikaribia, simu za nyumbani huongezeka. Huyu anataka bati, yule anadai ada, mwingine anapiga kukusalimia tu ili usimsahau. Ndo maana watu wakisikia kwamba sisi tisa wa Muscat, dada watano wa kazi za ndani, kaka watatu wa ujenzi na mhasibu mmoja, tulitumia siku 12 za likizo kulala kwenye mahema kusini mwa Afrika, huuliza maswali mawili. La kwanza: pesa mlitoa wapi? La pili: na nyumbani je?

Tunajibu yote mawili kwa hesabu. Hatumwambii mtu lazima aende. Tunachosema ni kwamba mfanyakazi naye anaweza kutembea, ila bei ya tangazo siyo bei ya safari, na pesa ya safari isikae chungu kimoja na pesa ya nyumbani.

Safari yenyewe

Ni lori lililogeuzwa basi, lina viti, masanduku ya vyombo, mahema juu na meza za kukunja. Linakuja na dereva, kiongozi na mpishi. Kazi nyingine ni zenu: kufunga hema, kukata vitunguu, kuosha sufuria kwa zamu. Dada zetu walicheka sana siku ya kwanza. Miaka yote wanaosha vyombo vya wengine, leo kaka wa zege ndiye anawaoshea wao.

Tulianzia Johannesburg, tukaingia Botswana, tukalala Serowe, kisha Maun kwenye delta ya Okavango, Nata karibu na majangwa ya chumvi ya Makgadikgadi, Kasane kando ya mto Chobe, na mwisho Victoria Falls, Zimbabwe. Tulikwenda Julai kwa sababu ndio kiangazi kikavu cha kule: wanyama wanasogea kwenye maji, na Okavango ndipo inapojaa, kwani maji ya mvua za Angola huchukua miezi kufika. Mto ule hauifikii bahari, unaishia mchangani. Tuliupita kwa mtumbwi wa upondo, wenyewe wanauita mokoro, na wa Pwani kati yetu wakajiona wako nyumbani. Kasane tulihesabu tembo tukachoka. Botswana ina tembo wapatao 130,000, hakuna nchi yenye wengi zaidi.

Lakini Julai pia ni baridi. Tumetoka kwenye joto la Muscat, usiku wa kwanza Serowe tukavaa soksi mbili mbili. Begi zito la kulalia siyo anasa, liingize kwenye bajeti.

Tangazo lilisema dola 900

Kila mmoja wetu alitumia hivi:

- Bei ya tangazo (lori, wafanyakazi wake, mahema): dola 900
- Mfuko wa pamoja wa chakula, kambi na viingilio vya mbuga, taslimu: dola 300
- Tiketi ya ndege Muscat hadi Johannesburg, kwenda tu: dola 310
- Bima ya safari: dola 45
- Begi la kulalia na kigodoro: dola 50
- Mtumbwi, boti ya Chobe, kiingilio cha maporomoko na bakshishi: dola 190
- Mabasi ya kurudi nyumbani kupitia Lusaka hadi Dar es Salaam, na chakula njiani: dola 95

Jumla dola 1,890, yaani riyal 727 hivi. Ni zaidi ya mara mbili ya tangazo. Mwenye lori hakutudanganya, yote yaliandikwa kwenye karatasi ya masharti, ila kwa herufi ndogo. Kwa hiyo kabla ya kulipa arubuni, uliza kwa maandishi: kipi kimo, kipi hakimo, na nikighairi narudishiwa kiasi gani. Uliza pia kama kuna nyongeza kwa anayelala hema peke yake. Hema ni la watu wawili, na asiye na mwenzake mara nyingi hulipa zaidi.

Tiketi ya kurudi kazini kutoka Dar ilikuwa ya mwajiri, kama mikataba yetu inavyosema. Soma wako.

Tuliwekaje

Kila mtu riyal 30 kwa mwezi, miezi 25. Hiyo ni riyal 750. Kando yake riyal 3 kwa mwezi za dharura, zikafika 75. Zote mbili zilitoka baada ya pesa ya nyumbani kwenda, siyo kabla. Mwezi ambao mtu alishindwa, alisema, na alilipa mwezi uliofuata. Asingeweza kufidia, angepunguza shughuli za hiari. Nyumbani pasingepungua.

Basi ukawa na mafungu matatu: nyumbani, safari, dharura. La nyumbani linatumwa kama kawaida, likizo iwepo isiwepo. La safari lina mwisho wake. La dharura linabaki benki na haliguswi kwa mtumbwi wala kwa zawadi.

Kitu kingine: riyal ya Oman imefungwa kwa dola, riyal 1 ni dola 2.60, miaka nenda rudi. Kwa hiyo ukiweka riyal ni kama umeweka dola. Randi ya Afrika Kusini, pula ya Botswana na kwacha ya Zambia hupanda na kushuka. Ukipewa bei kwa randi, acha nafasi kidogo kwenye bajeti. Beba dola safi, siyo zilizochanika wala kuukuu, na nyingi ziwe noti za 1 na 5. Zimbabwe dola zinatumika dukani, lakini chenji ni shida, ukitoa 20 kwa maji ya dola moja unaweza kupewa pipi.

Mfuko wa pamoja unavyolindwa

Watu tisa mara dola 300 ni dola 2,700 taslimu ndani ya kisanduku. Hapo ndipo urafiki huvunjika. Sisi tuliweka mtu wa ufunguo na mtu wa daftari, wasiwe mtu mmoja. Kila usiku baada ya kula, daftari linasomwa kwa sauti: kuni kiasi gani, mkate, maji, kambi, kilichobaki. Kisha pesa inahesabiwa mbele ya wote. Dakika tano tu. Hakuna aliyemshuku mwenzake siku zote 12.

Mpishi naye alituokolea hela. Alikataa tusinunue nyama mapema, kwa sababu Botswana ina vizuizi vya mifugo dhidi ya ugonjwa wa miguu na midomo, na nyama mbichi hunyang'anywa njiani. Viatu vyenyewe vinakanyagishwa dawa.

Siku ya saba, Maun

Simu ya dada mmoja iliita saa mbili usiku. Mama yake Tanga amelazwa, hospitali inataka pesa. Kisanduku kipo mezani, kina zaidi ya dola 1,000. Kaka mmoja akasema, jamani, tumkopeshe. Ni neno la utu, na hakuna aliyelichukia. Lakini tulikuwa tumeandika tangu Muscat: mfuko wa pamoja haukopeshwi, maana ni chakula na kambi za watu tisa walio mbali na kwao.

Riyal zake 75 za dharura zilikuwa benki. Akazituma usiku ule ule kwa simu, kaka yake akapokea na kulipa hospitali. Sisi wengine tukachanga kila mtu kwa uwezo wake, kutoka mfukoni mwetu, siyo kwenye kisanduku. Tulipofika Kasane aliamua kutangulia. Alivuka daraja la Kazungula, lile lililofunguliwa 2021, akapanda basi upande wa Zambia. Maporomoko hakuyaona. Mama alimkuta hospitali, akamuuguza, akatoka naye.

Mwisho wa safari kisanduku kilibaki na dola 189. Tuligawa kwa tisa, siyo kwa wanane. Dola 21 zake zilitumwa pamoja na picha ya ukurasa wa mwisho wa daftari.

Karatasi za kukagua

Mwenye pasi ya Tanzania au Kenya haombi viza kwa matembezi mafupi Afrika Kusini, Botswana, Zambia na Zimbabwe. Wa Uganda, Kongo au Burundi asome masharti ya kila nchi kabla ya kulipa arubuni. Afrika Kusini inadai cheti cha homa ya manjano kwa anayetoka nchi kama Kenya, Uganda au Kongo, hata aliyepumzika uwanja wa Nairobi zaidi ya saa 12. Kwenye maporomoko upande wa Zimbabwe, mtu wa nchi za SADC hulipa kidogo kuliko wageni wengine. Tanzania na Kongo zimo, Kenya haimo, kwa hiyo ushike pasi mkononi getini. Na hakikisha kibali chako cha ukaazi huku uliko hakiishi kabla hujarudi.

Unaanza na nini? Mwezi huu, pesa ya nyumbani ikishatumwa, fungua fungu la dharura kwanza, hata kwa riyal 3. La safari lifuate.