Milima ya Theluji: Jabali Fupi na Pepo Zake

Mkazi wa Wetherill Park, kitongoji cha maghala na viwanda kilichoko magharibi ya Sydney, huijua Australia kwa joto lake kabla ya kuijua kwa jambo lingine lolote, na hana lawama, kwa kuwa tarehe 4 Januari 2020 pale Penrith, mwendo mfupi kutoka hapa, kipimo kilifikia nyuzi 48.9. Basi akiambiwa kwamba katika jimbo hili hili la New South Wales, mwendo wa saa sita hivi kwa gari, wako watu wateletezao juu ya theluji, na kwamba wachimba dhahabu wa Kiandra walifunga mbao miguuni wakafanya hivyo tangu mwaka 1861, aghalabu hudhani anafanyiwa mzaha. Nimeona watoto wetu wakikua hapa bila kuigusa theluji iliyo katika jimbo lao wenyewe, na jambo hilo hunisikitisha.

Kwa mtu aliyelelewa na habari za Kilimanjaro, ajabu ya kwanza ni ufupi wa milima yenyewe. Kosciuszko, kilele kirefu kuliko vyote katika bara la Australia, kina mita 2,228 tu, hakifiki hata nusu ya mita 5,895 za Kibo. Na kijiji cha Thredbo, ambako watu huvaa skii na kungoja kupandishwa, kiko katika kimo cha mita 1,365, kimo ambacho kule Uchagani ni cha migomba na mibuni. Theluji huanguka chini namna hiyo kwa sababu ya umbali kutoka ikweta. Milima hii iko karibu na latitudo ya 36 kusini, na kuanzia Juni hadi Septemba hewa baridi iliyolelewa juu ya bahari za kusini hupiga kutoka magharibi na kusini-magharibi, ikakutana na jabali, ikalazimika kupanda, ikapoa na kuumwaga unyevu wake. Baridi ya Kibo ni ya kimo, nayo ipo mwaka mzima. Baridi ya huku ni ya majira, na ndani ya majira hayo hayo pepo za kaskazini-magharibi huweza kuleta mvua ambayo kwa usiku mmoja hula theluji ya juma zima.

Maadamu hali ni hiyo, umbo la kila mahali lina maana kubwa. Thredbo ni upande mmoja wa bonde jembamba: mto chini, kijiji kando yake, na mteremko mrefu unaopanda hadi mita 2,037 pale lifti ya Karels inapokoma. Tofauti ya mita 672 kati ya juu na chini haina mfano nchini, na mwenye miguu iliyozoea hupata humo furaha tele. Lakini juu huweza kuwa theluji ilhali chini ni mvua. Ukali wa bonde hilo una msiba wake pia. Usiku wa tarehe 30 Julai 1997 ukingo wa barabara ya Alpine Way uliokuwa juu ya kijiji, uliojengwa kwa kifusi na kulowanishwa na bomba la maji lililovuja, uliporomoka ukafunika nyumba mbili za wageni. Watu 18 walifariki, na mmoja tu, Stuart Diver, alitolewa hai baada ya saa 65 hivi.

Perisher, mahali pengine pa kuteleza katika milima hii, ni kinyume cha Thredbo. Hapo pana maeneo manne yaliyounganishwa, yaani Perisher Valley, Smiggin Holes, Blue Cow na Guthega, yenye hekta 1,245 kwa jumla na lifti zaidi ya 40. Miteremko yake ni mifupi na mingi ni ya upole, na kwa kuwa bonde lenyewe limeinuka hadi mita 1,720 hivi, theluji hudumu hata mahali watu wanapoanzia. Kwa mgeni, hasa mwenye watoto, nahukumu kwamba Perisher ni bora, wala sioni shaka katika hukumu hiyo.

Ama lifti, aina inayowatisha wanaoanza ni ile ya fimbo yenye umbo la herufi T iliyopinduliwa, inayoning'inia kutoka kwenye waya wa chuma uzungukao bila kusimama. Watu wawili husimama bega kwa bega, mbao zao zikielekea juu. Fimbo huja kwa nyuma na kuwashika chini ya makalio, na hapo kosa la kila mgeni ni kuikalia. Haikubebi, inakuvuta tu umesimama, na anayeikalia hujikuta kwenye theluji. Ukianguka iachie, ujiondoe njiani upesi, kwa maana wawili wengine wako nyuma yako.

Mbona fimbo hizo za zamani hazijaondolewa zote, ilhali viko viti vya watu wanne na zaidi, na Thredbo tangu 2020 ina vibanda vya Merritts vinavyofungwa milango? Jawabu ni upepo. Kiti kilicho juu hewani hupepesuka, hata mashine ikalazimika kusimamishwa. Fimbo iko karibu na ardhi, na abiria wake amesimama kwa miguu yake. Mwaka 1964 ilifunguliwa lifti ya viti kutoka Alpine Way hadi kijiji cha Charlotte Pass, iliyosifiwa kuwa ndefu kuliko zote duniani. Ilivuka mgongo wa mlima ulio wazi, ikapigwa na tufani na kugandamana barafu, na baada ya majira ya 1965 ikafungwa moja kwa moja. Charlotte Pass hiyo ndiyo iliyopimwa nyuzi 23 chini ya sifuri tarehe 29 Juni 1994, baridi kali kuliko zote zilizopata kuandikwa Australia.

Hata hivyo theluji inapungua. Pale Spencers Creek, katika milima hii hii, ambako kina chake kimepimwa tangu 1954, mwaka 1981 kilifika sentimita 361, na mwaka 2006 hakikufika mita moja. Mwelekeo wa miaka mingi ni wa kushuka. Mizinga inayorusha maji na hewa iliyoshindiliwa, matone yakaganda kabla ya kugusa ardhi, husaidia, lakini nayo hutaka hewa baridi na kavu, isiyokuja kwa amri ya mtu.

Wala asiseme mtu kwamba mchezo huu si wetu. Philip Boit wa Kenya alishindana kwa skii katika Olimpiki ya majira ya baridi ya Nagano mwaka 1998, na bingwa Bjørn Dæhlie alimngoja mwisho wa njia ili amkumbatie. Na Sabrina Simader, mzaliwa wa Kilifi, aliiwakilisha Kenya kwenye michezo hiyo hiyo huko Pyeongchang mwaka 2018.

Basi mwenye nia na aende Agosti, kwa kuwa mwanzo wa Juni aghalabu majani bado yanaonekana. Atapita Goulburn, Canberra na Cooma hadi Jindabyne. Gari lisilosukumwa na magurudumu yote manne sharti libebe minyororo ya matairi ndani ya hifadhi ya taifa ya Kosciuszko, nayo hukodishwa njiani. Na anayeona uzito kuifunga kwenye baridi aliache gari Bullocks Flat, apande treni ya meno ya Skitube, ambayo tangu 1987 hupenya ndani ya mlima na kumfikisha abiria Perisher bila kujali upepo unavuma namna gani huko juu.