Mwalimu wa Violini wa Harlem

Furaha ya mwalimu wa muziki haipimwi kwa mshahara tu. Lakini pasipo mshahara, furaha hiyo itakula nini?

Katika mji wa New York, Marekani, shida ya fedha ya mwaka 1975 iliwaondoa darasani walimu wengi wa muziki. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Bibi Roberta Guaspari, aliyekuwa akilea wana wawili peke yake, alianza kufundisha violini katika shule za East Harlem, mtaa wa watu wenye mali kidogo. Vyombo vilikuwa vyake mwenyewe, violini 50. Mwaka 1991 fedha za shule zikapunguzwa tena, na kazi yake ikafutwa.

Kwa nini ukatwe muziki, wala si hesabu? Wenye kushika mfuko huuhesabu kuwa pambo. Sisi tuliowafundisha watoto kuimba kwa sauti nne twajua kwamba hapo ndipo mtoto hujifunza kumngoja mwenziwe.

Bibi huyo hakukubali. Pamoja na wazazi na rafiki alianzisha chama cha Opus 118, na mwaka 1993 wanafunzi wake wakapiga violini katika jumba la Carnegie Hall, bega kwa bega na mabingwa Isaac Stern na Itzhak Perlman. Fedha zikapatikana, masomo yakaendelea.

Twamsifu kwa moyo wote. Walakini jambo moja latusumbua. Mwalimu wa hesabu haombwi kutafuta mabingwa na jumba kubwa ili apate mshahara wake wa mwezi.