Barua ya kuuzia mzigo: bei peke yake haiuzi

TUNDUMA ni mji wa kuuza kwa mdomo. Mzigo unaonekana, bei inatajwa, watu wanapatana na lori linavuka kuelekea Nakonde. Utaratibu huu ni wa haraka, lakini una kasoro moja kubwa: unamfikia tu mnunuzi aliyekwisha kufika mpakani. Mwenye kinu cha kusaga aliyeko Kitwe, muuza jumla wa Lusaka au mwenye ghala wa Lubumbashi hauoni mzigo wako. Anayewajua ninyi wawili ni dalali, na tofauti ya bei inabaki kwake.

Barua ya kuuzia ndiyo njia ya gharama ndogo ya kumfikia mnunuzi huyo. Iwe ya karatasi, ya barua pepe au iliyopigwa picha na kutumwa kwa WhatsApp, kanuni zake ni zilezile. Vitabu vya biashara hufundisha hatua nne: mvute msomaji aangalie, apendezwe, atamani, kisha achukue hatua. Hatua hizo ni sahihi, lakini kwa mfanyabiashara wa nafaka kinachomvuta mnunuzi si maneno matamu. Kinachomvuta ni majibu ya maswali aliyonayo tayari: una nini, kiasi gani, cha ubora gani, kwa bei gani, mzigo uko wapi na bei hiyo ni ya hadi lini. Barua inayoacha swali moja bila jibu humlazimisha kuuliza, na mara nyingi hatauliza; atachukua barua inayofuata.

Kipimo kwanza

Kosa linalowagharimu wengi ni neno "gunia". Kwetu gunia la mahindi huhesabiwa kuwa la kilo 100. Nchini Zambia mahindi huhesabiwa kwa mfuko wa kilo 50, na wakala wa hifadhi ya chakula wa huko, FRA, hutangaza bei zake kwa kipimo hicho.

Tuchukue mfano wa hesabu tu. Umeandika kwamba gunia ni Sh 70,000, yaani Sh 700 kwa kilo. Mnunuzi wa Ndola anayefikiria kilo 50 atasoma Sh 1,400 kwa kilo. Hatakujibu kuwa bei ni kubwa. Atakaa kimya, nawe utadhani soko limelala. Kwa hiyo andika kilo na tani, kisha taja ukubwa na idadi ya mifuko. Lumbesa isitajwe kabisa, kwani licha ya kukatazwa na sheria ya vipimo, humwonyesha mgeni kwamba hesabu zako hazina uhakika.

Bei ya wapi, ya lini

Bei isiyotaja mahali ni nusu ya bei. Mahindi yaliyoko ghalani Vwawa, yaliyopakiwa juu ya lori Tunduma na yaliyofikishwa Nakonde ni bidhaa tatu zenye bei tatu. Eleza mzigo unakabidhiwa wapi, na kutoka hapo nani analipa usafiri, ushuru na wakala wa forodha. Taja pia fedha. Kwa mnunuzi aliye hapa nchini bei iwe ya shilingi, kwa sababu kanuni zilizotolewa Machi 2025 zinakataza kutoza bidhaa za ndani kwa fedha za kigeni. Kwa mnunuzi wa nje, kubalianeni mapema kama ni dola, kwacha au shilingi, na mtumie kiwango cha ubadilishaji cha siku gani.

Muhimu zaidi ni tarehe ya mwisho. Chini ya Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, pendekezo likikubaliwa huwa ahadi. Aliyetuma bei isiyo na kikomo anaweza kujibiwa wakati soko limepanda na mzigo ameshamuuzia mwingine, ndipo mgogoro unapoanza. Sheria hiyohiyo inakubali kwamba muda uliotajwa ukipita, pendekezo nalo limekufa. Sentensi moja ya tarehe hukukinga.

Tarehe iambatane na saa, na hapa mpaka una mtego wake. Zambia iko nyuma yetu kwa saa moja, hali kadhalika Lubumbashi. Saa 10 jioni ya Tunduma ni saa 9 ya Nakonde. Andika "saa za Tanzania", na katika barua ya Kiingereza andika 16:00.

Ubora uwe na ushahidi

"Mahindi safi kabisa" ni maneno ambayo kila muuzaji huyaandika. Machi 5, 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu; siku chache baadaye ikaruhusu kwa masharti, likiwemo la cheti kuonyesha kwamba aflatoksini iko chini ya sehemu 10 kwa bilioni. Funzo lake linafaa pia kwa anayeuza kusini: cheti ndicho kinachosema. Andika unyevu kwa tarakimu (kiwango cha Afrika Mashariki kwa mahindi ni usiozidi asilimia 13.5) na uambatishe nakala ya majibu ya maabara.

Taja pia nyaraka zilizo tayari: kibali cha kusafirisha nje, cheti cha afya ya mimea kutoka TPHPA na cheti cha uasili wa bidhaa. Kwa kawaida kibali cha kuingiza nchini kwake hushughulikiwa na mnunuzi. Mkumbushe kwa adabu, kwani lori lililosimama kituoni kwa kukosa karatasi linakula faida ya wote wawili.

Lugha na urefu

Kwa Zambia, ambako Kiingereza ndiyo lugha ya ofisi, andika Kiingereza chepesi cha ukurasa mmoja. Kwa Lubumbashi usiogope Kiswahili. Ni lugha ya soko la huko, na Kongo imekuwa mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022. Salamu ziwe mstari mmoja. Mfano wa barua ni huu:

"Kwa Meneja wa Ununuzi. Salamu kutoka Tunduma. Tuna tani 30 za mahindi meupe, mavuno ya mwaka huu, katika mifuko 600 ya kilo 50. Unyevu hauzidi asilimia 13.5, nakala ya majibu ya maabara imeambatishwa. Bei ni dola … kwa tani, mzigo ukiwa umepakiwa juu ya lori Tunduma. Gharama za kutoka hapo ni za mnunuzi. Nusu ya malipo hupokelewa benki kabla ya kupakia, na iliyobaki kabla lori halijaondoka. Bei hii ni ya hadi Ijumaa tarehe …, saa 10 jioni, saa za Tanzania. Sampuli ya kilo 2 ipo. Tafadhali tujibu kwa namba hii ukitaja idadi ya tani na siku ya kupakia."

Barua hiyo haina sifa hata moja, lakini mnunuzi anaweza kupiga hesabu yake bila kupiga simu.

Wakati wa kuandika

Usingoje njaa itangazwe. Februari 29, 2024 Rais Hakainde Hichilema alitangaza ukame kuwa janga la taifa nchini Zambia, na katikati ya mwaka huo NFRA ikakubaliana kuiuzia nchi hiyo tani 650,000 za mahindi. Mahitaji yanapofikia kiwango hicho, serikali ndizo zinazozungumza, na mfanyabiashara mdogo hupata nafasi kwa wale tu waliokwisha kumjua. Barua za kufahamiana ziende kabla ya mavuno, na za bei zifuate mzigo ukiwa ghalani.

Weka nakala ya kila barua pamoja na tarehe iliyotumwa. Baada ya siku tatu bila jibu, kumbusha mara moja kwa mstari mmoja. Na usiandike mzigo ambao hauna: anayeagiza tani 30 akakuta 18 hatanunua tena, na wenzake wa soko watasikia habari hizo kabla ya barua yako nyingine haijafika.