Neno Lisilotosha Muhuru Bay

Kamusi zetu nyingi hulifasili neno "kichocho" kuwa ni maradhi yanayomfanya mtu akojoe damu. Fasili hiyo haina kasoro kwa mwana wa Kwale au wa Pemba, ambako kichocho cha kibofu ndicho kilichozoeleka tangu jadi. Lakini ipeleke Muhuru Bay, kule Nyatike katika kaunti ya Migori, karibu kabisa na mpaka wa Tanzania, nayo yaweza kumponza mtu.

Kandokando ya Ziwa Viktoria mnyoo anayetawala ni wa jamii nyingine, Schistosoma mansoni. Makao yake ni mishipa ya damu inayouzunguka utumbo, wala si kibofu. Mgonjwa huumwa na tumbo, pengine huhara damu, na miaka ikipita ini na wengu huvimba hata tumbo likajaa maji. Mkojo wake ni safi. Basi mvuvi aliyesoma bangoni kwamba dalili ya kichocho ni mkojo wenye damu, akautazama wake asione doa, ana haki ya kuamini kwamba yu mzima. Bango la namna hiyo nimeliona kwa macho yangu katika eneo la ziwa, limechapishwa kwa rangi za kupendeza na wahisani ambao sitawataja. Kiswahili chake kilikuwa sanifu tupu!

Wanaoliziba pengo hilo ni wahudumu wa afya wa vijijini, aghalabu kina mama wanaolima au kuuza omena. Mmoja niliyemsikiliza akizungumza kwa Dholuo hakulitaja jina la ugonjwa hata mara moja. Aliuliza maswali. Nani huosha vyombo ziwani? Nani huvuta wavu akiwa amezama hadi kiunoni? Na wanaokesha mashuani wakivua omena, haja zao humalizia wapi? Watu waliangua kicheko, kisha wakanyamaza. Hapo ndipo alipowaeleza kwamba mayai ya mnyoo hutoka na kinyesi, huanguliwa majini, vijidudu vikaingia katika konokono na kukua humo, halafu vikatoka na kuipenya ngozi ya mtu yeyote aliyemo majini. Nimefundisha semantiki kwa miaka mingi, na sijapata kuona maana ikijengwa kwa ustadi kuliko huo.

Mhariri aniwie radhi kwa ninalolisema sasa. Ile mbinu ya kuwahamasisha wanakijiji wajichimbie vyoo wenyewe, aliyoianzisha Kamal Kar nchini Bangladesh mnamo 1999 na 2000, na ambayo iliingia Kenya mwaka 2007, ina sharti moja la kiisimu: kinyesi kiitwe kwa neno zito la wenyeji, lile lile ambalo mtoto hukanywa asilitamke mbele ya wageni. Kwa Dholuo ni "chieth". Kwa Kiswahili kila msomaji analijua. Sisi tuliolelewa kwa tafsida huona haya, lakini tafsida humsitiri mnyoo pamoja na msemaji.

Dawa ipo, nayo ni prazikwanteli. Tangu mwaka 2012 serikali imekuwa na mpango wa kitaifa wa kuwapa wanafunzi dawa za minyoo shuleni. Hata hivyo dawa hiyo huua minyoo iliyokwisha kukomaa, haimkingi mtu asiambukizwe tena kesho akirudi majini. Na mvuvi wa miaka arubaini hayumo darasani. Kwa hiyo choo na maji safi havina mbadala. Shule ya wasichana ya WISER, iliyofunguliwa Muhuru Bay mwaka 2010 kwa ushirikiano wa wenyeji na wahisani wa Chuo Kikuu cha Duke cha Marekani, imejitahidi kuyafikisha maji safi hadi kwa majirani wake. Ni kazi ya kusifiwa, ingawa mwambao ni mrefu.

Kuhusu malipo ya wahudumu, habari yake ni ya aibu. Mkakati wa afya ya jamii ulizinduliwa mwaka 2006, na kwa miaka mingi wengi wao walifanya kazi kwa "kujitolea", neno ambalo wakubwa hulipenda kwa kuwa halina gharama. Ni mwaka 2023 tu ndipo sheria ilipowatambua rasmi, wakapewa mikoba ya vifaa na kuahidiwa posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Wafasiri wa mikutano ya Nairobi hawangefungua kinywa kwa fedha hizo.

Walimu na wanafunzi wa lugha wana la kufanya hapa. Wengi wa watu wa Muhuru ni wa asili ya Kisuba, jamii ambayo kwa vizazi kadhaa imekuwa ikihamia Dholuo. Kiswahili chao ni cha sokoni na shuleni. Kabla bango halijapelekwa kwa mpiga chapa, lisomwe kwa sauti ufuoni mbele ya mhudumu mmoja, mvuvi mmoja na mama mmoja muuza omena, nao waulizwe wameelewa nini. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu aweza kuifanya kazi hiyo kwa siku mbili, akiwa na daftari na nauli ya matatu kutoka Migori.