Ghururi ya Wiki Mbili

Mwaka 1980, katika mji wa New York, mwandishi Daniel Okrent na wenzake walianzisha mchezo usio na uwanja wala jasho: kila mmoja wao alijipatia kwa mnada wachezaji halisi wa besiboli kutoka timu mbalimbali za ligi kuu ya Marekani, akawa sultani wa timu isiyokuwapo ila katika daftari, na kila tendo la wachezaji wale uwanjani likahesabiwa kuwa mali yake. Msomaji anayepanga kikosi chake cha fantasy ya Ligi Kuu ya Uingereza kila mwisho wa juma atautambua mchezo huu mara moja, ila besiboli huchezwa karibu kila siku, mechi 162 kwa kila timu hadi mwisho wa Septemba, na kwa hiyo takwimu zake ni nyingi mno.

Wingi huo ndio unaomghuri mtu. Ifikapo Septemba, mwenye timu humtazama mpigaji aliyemtumikia kwa uaminifu tangu Aprili, akamwona amepooza. Kisha hutupa jicho kwenye orodha ya wachezaji wasio na mwenyewe, akamwona kijana anayeupiga mpira kila ajapo, na moyo ukamwambia amteme yule amtwae huyu kabla jirani hajaamka.

Kabla ya kuutii moyo, na tupige hesabu. Mathalani yuko mpigaji ambaye uwezo wake wa kweli ni mapigo 26 katika kila zamu 100. Katika zamu 60, ambazo ni kazi ya wiki mbili na ushei, tungemtarajia apate mapigo 16 hivi. Lakini kwa nguvu ya bahati peke yake, mkono wake usiongezeke ustadi wala usipungue, mara tatu katika nne atapata baina ya 12 na 19, na mara iliyobaki atavuka mipaka hiyo. Akipata 12, wastani wake ni 0.200 na watu humzomea. Akipata 19, ni 0.317 na watu humshangilia. Naye ni yule yule.

Jambo hili lilidhihirishwa vizuri mwaka 1977, wakati wanatakwimu Bradley Efron na Carl Morris walipowaeleza wasomaji wa jarida la Scientific American ugunduzi wa Charles Stein, wakitumia zamu 45 za mwanzo za wapigaji 18 wa msimu wa 1970. Badala ya kuuamini wastani wa kila mmoja kama ulivyo, waliuvuta kuelekea wastani wa wote, 0.265, wakaacha kama humusi moja tu ya tofauti. Na msimu ulipokwisha, jumla ya miraba ya makosa ya makadirio hayo ilikuwa chini ya theluthi moja ya ile ya wastani mtupu. Thurman Munson, aliyeanza na 0.178 ya kusikitisha, alipiga 0.316 katika zamu zake zilizosalia.

Hata hivyo kanuni hiyo nayo ilimdhulumu mtu. Roberto Clemente wa Pittsburgh alianza na 0.400, ikamshusha hadi 0.294, kumbe baadaye alipiga 0.346, maana kanuni haikujua kwamba bwana huyo alikuwa ameongoza ligi yake kwa wastani wa mapigo mara nne katika miaka ya sitini. Kwa rai yangu, hapo ndipo lilipo somo lenye faida kubwa zaidi kwa mwenye timu: mpigaji avutwe kuelekea historia yake mwenyewe ya miaka kadhaa, na asipokuwa na historia, ndipo avutwe kuelekea kundi.

Kuna na hesabu ya pili, ambayo wengi huipuuza: ile ya msimamo wenyewe, ambao hupangwa kwa vipengele, kama wastani wa mapigo. Timu iliyokwisha kupiga zamu 5,500 kwa wastani wa 0.265, ikibakiwa na zamu 400, hata wapigaji wake wote wakifululiza 0.300, itamaliza na 0.267 tu, kwa kuwa yaliyopita yameulemea wastani. Lakini katika vipengele vya kujumlisha, kama vituo vilivyoibwa, wapinzani aghalabu huachana kwa vituo vichache tu, na mkimbiaji mmoja hodari huweza kuwapita wawili au watatu kwa juma moja.

Aidha, mchezaji asiyepangwa haleti kitu. Klabu zilizokata tamaa huwapumzisha wakongwe na kuwajaribu vijana, na kwa kanuni za siku hizi vikosi hupanuliwa kutoka wachezaji 26 hadi 28 ifikapo tarehe 1 Septemba. Basi wewe mwenye timu, kabla ya kuuliza nani anapiga vizuri juma hili, uliza nani atapangwa kila siku, na ni kipengele gani cha msimamo ambacho bado kinaweza kusogea; kisha mwache mkongwe wako aliyepooza akae mahali pake, isipokuwa amejeruhiwa.