Daftari la Mvua na Raba

Nyuma ya maabara yetu kipo kipimo cha mvua, chombo cha bati chenye mdomo wa inchi 5 na chupa ndani yake. Kila siku saa 3 asubuhi mwanafunzi wa zamu humimina maji katika bilauri ya kupimia, husoma milimita, na kuziandika daftarini. Wengi hudhani kazi imekwisha hapo.

Muhula uliopita tuliona katika mwezi wa Aprili tarakimu iliyofutwa kwa raba. Imeandikwa 46.0, chini yake yaonekana kitu kama 4.6, lakini hakuna awezaye kuapa. Mvua ile haiwezi kurudi tuipime tena. Basi Aprili imeachwa bila jumla, na mchoro wetu wa mwaka una pengo.

Tulitaka kununua kufuli. Mwalimu wetu wa Jiografia alicheka, akauliza ufunguo atashika nani. Kweli, aliyefuta huenda ni mmoja wetu wenye zamu.

Sasa kalamu ya risasi ni marufuku. Akoseaye hukata tarakimu kwa mstari mmoja wa wino, ile ya kwanza ibaki kusomeka, kisha hutia herufi za jina lake. Tena kila siku huandikwa jumla ya mvua tangu tarehe 1 Januari. Hapa ndipo penye werevu. Ikiwa jumla ya jana ni 212.0 na leo ni 4.6, tutaandika 216.6. Atakayeigeuza 4.6 iwe 46.0 itampasa ageuze jumla ya siku ile, na ya kesho yake, na za siku zote zilizofuata. Na kila Jumamosi jumla hubandikwa kwenye ubao wa matangazo, shule nzima ikaiona.

Wenye kompyuta hufanya vivyo hivyo. Kanuni iitwayo SHA-256, ambayo ni kiwango cha Serikali ya Marekani tangu 2002, hufanya maandishi yoyote kuwa alama ya herufi na tarakimu 64. Ukibadili nukta moja, alama huwa nyingine kabisa. Kila ukurasa hubeba alama ya ule uliotangulia, kama mnyororo. Lakini mwenye kompyuta aweza kuzifanya alama zote upya, hivyo ya mwisho sharti itunzwe na mtu mwingine. Huo ndio ubao wao.

Jambo moja hatukuliweza. Mwenye zamu akilala, kisha akaandika 0.0 kwa kubuni, wino na jumla vitaulinda uongo wake vizuri sana. Kwa hiyo siku hizi twaenda wawili wawili.