Bukavu: Bustani ya nyumbani kwa mwaka mzima, na wanyama wadogo wanaoichunga

Katika muji wa Bukavu, bustani nyingi hazipiti ukubwa wa chumba kimoja. Ni kipande cha udongo mwekundu nyuma ya nyumba, kwenye mtelemko, ama mifuko michache iliyojazwa udongo karibu na mlango. Lakini wakati barabara za kutoka mashambani zinafungwa, ama bei inapanda sokoni, lengalenga ya nyuma ya nyumba njo inabakia kwenye sahani. Kwa hiyo kujua nini inaota, nini inakula mimea na nani anaichunga si jambo la kujifurahisha tu.

Bukavu iko kwenye urefu wa karibu mita 1500, kando ya ziwa Kivu. Mvua inanyesha karibu miezi tisa, kuanzia mwezi wa tisa mpaka wa tano. Wakulima wanagawanya mwaka kwa misimu: msimu A unaanza mwezi wa tisa, msimu B unaanza mwezi wa pili, kiisha kiangazi kinashika mwezi wa sita mpaka wa nane. Bustani ya nyumbani inafuata njia hiyo hiyo.

Mvua ya kwanza inaamsha kila kitu

Mvua ya kwanza ikilowesha udongo, kumbikumbi wanatoka ardhini. Watoto wanawakusanya, kuku wanawakimbilia, ndege nao wanapata chakula cha bure. Huo ndio wakati wa kupanda maharagi, mahindi, boga na lengalenga.

Lengalenga haikawii: baada ya wiki tatu ama ine mtu anaanza kuchuma. Maharagi yanakawia zaidi, lakini yana faida iliyofichika. Ukingoa mche moja na kutazama mizizi, unaona vidonge vidogo. Ndani yake mnaishi vijidudu visivyoonekana kwa macho, vinavyochukua hewa na kuigeuza kuwa chakula cha mmea. Pasua kidonge kimoja kwa ukucha: kikiwa na rangi nyekundu nyekundu ndani, kinafanya kazi. Njo maana wazee walipanda mahindi pale maharagi yalitoka, na baada ya mavuno ni vizuri kukata shina na kuacha mizizi ardhini.

Boga nayo inahitaji msaada. Inatoa maua ya kiume na ya kike mbalimbali. Ua la kike linajulikana kwa kiboga kidogo kilicho chini yake. Nyuki ndiye anayebeba unga wa ua moja mpaka lingine, na anafanya kazi hiyo asubuhi, kwa sababu maua yanafunga kabla ya jua kali. Wakati nyuki hakupita, kile kiboga kinakuwa njano na kuanguka. Wengi wanafikiri ni ugonjwa, kumbe ni nyuki aliyekosekana.

Walinzi ambao watu wanaua

Kinyonga njo anateseka kuliko wote. Katika kata nyingi utasikia: « Kinyonga iko na sumu, ikikuuma unakufa. » Si kweli. Kinyonga hana sumu. Anaweza kufungua kinywa na kubadilisha rangi kwa kutisha, lakini chakula chake ni nzi, panzi na wadudu wengine wa bustani. Milima yetu ina kinyonga mwenye pembe tatu, dume ndiye mwenye pembe hizo, na jamii yake inapatikana tu katika milima hii ya maziwa makubwa. Jike anazika mayai udongoni, kwa hiyo mtu anayelima anaweza kuyafukua bila kujua. Ukiyaona, yafunike tena.

Chura naye anafukuzwa kwa mawe na chumvi. Lakini usiku, wakati watu wamelala, anakula konokono wasio na nyumba, wale wanaotoboa majani ya shu na saladi. Jiwe kubwa ama kigae kilichowekwa mahali pa baridi kinamtosha kuwa nyumba.

Popo wadogo wanaoruka jioni karibu na taa hawagusi matunda. Wanakula mbu na vipepeo vya usiku. Kati ya vipepeo hivyo kuna mama wa kiwavi-jeshi, yule aliyefika Afrika mwaka wa 2016 na anayekula mahindi kuanzia moyoni. Popo hawezi kumumaliza, kwa hiyo bustani ndogo inahitaji mikono pia: kufungua moyo wa mahindi asubuhi mapema, kutoa kiwavi na kukiponda.

Kuna pia ndege mweupe na mweusi anayetikisa mkia uani, anayeokota wadudu siku nzima. Na kuna yule mdudu mdogo mwekundu mwenye madoa meusi: yeye na watoto wake wanakula wadudu weusi wanaojaa chini ya majani ya maharagi. Sisimizi, kwa upande wao, wanawalinda hao wadudu weusi, kwa sababu wanalamba maji matamu yanayotoka kwao. Ukiona msururu wa sisimizi unapanda mche, geuza jani na utazame chini.

Wakati mvua inazidi

Mwezi wa tatu na wa ine, mvua inapozidi, tomati zinaanza kuungua majani, kiisha matunda yanakuwa na mabaka ya kahawia. Ni mildyu, ugonjwa unaopenda baridi na majani yaliyolowa. Unagusa viazi pia. Kinachosaidia ni kupanda kwa nafasi, kufunga tomati kwenye miti ili zisilale chini, kukata majani ya chini, na kutopanda tomati pale viazi vilitoka.

Ndizi nazo zinataka macho. Ugonjwa wa kunyauka wa migomba ulionekana Masisi mwaka wa 2001, kiisha ukaenea Kivu. Wadudu wanaubeba kutoka ua moja mpaka lingine, na panga linaubeba kutoka shina moja mpaka lingine. Kwa hiyo ua la chini, lile jekundu, linavunjwa kwa mti wenye panda mara tu vichana vyote vimetoka, bila kutumia panga. Shina lenye ugonjwa linakatwa karibu na udongo, na panga linapitishwa kwenye moto ama javeli kabla ya kugusa shina lingine.

Mvua hiyo hiyo inabeba udongo. Kwenye mtelemko, mistari ya matete inayopita kando, si kutoka juu kwenda chini, inapunguza mbio ya maji. Matete yakikatwa yanalisha kobayi na sungura, na mavi yao yanarudi bustanini kuwa mbolea.

Kiangazi si kulala

Mwezi wa sita udongo unakauka, na mildyu inapungua. Kwa hiyo mwenye kupata maji anavuna tomati nzuri zaidi wakati huu. Adui anabadilika tu: ni buibui mwekundu mdogo sana anayesuka nyuzi chini ya majani. Yeye anapenda ukavu, na maji yaliyorushwa chini ya majani yanamusumbua.

Titonia, ile yenye maua ya njano inayoota kando ya barabara, inafaa sana sasa. Majani yake yakitandazwa juu ya udongo yanazuia jua, na yakioza yanalisha mimea. Mihogo inaendelea kutoa sombe, lakini ikichumwa sana mizizi inabaki midogo.

Dawa: saa ya kupiga ni muhimu

Dawa ya kuua wadudu haichagui. Inaua kiwavi, inaua nyuki, na chura anayekula wadudu waliopigwa dawa anaumia pia. Wadudu wabaya wanazaana upesi, walinzi wao wanachelewa. Njo maana mara nyingi wiki chache baada ya dawa shida inarudi ikiwa kubwa kuliko mbele.

Kwa bustani ya chakula cha nyumbani, mikono, majivu na maji ya sabuni vinatangulia. Kama dawa ni lazima, inapigwa jioni wakati nyuki wamerudi, si asubuhi juu ya maua. Siku za kungoja kabla ya kuvuna zimeandikwa kwenye chupa. Dawa inayouzwa kwa kipimo ndani ya chupa ya maji, bila maandishi, haifai kugusa mboga zitakazoliwa na watoto.

Mwezi wa nane, kabla ya mvua kurudi, ni wakati wa kuchagua mbegu: maharagi yasiyotobolewa, na vipande vya mihogo kutoka miti ambayo majani yake hayakukunjamana wala kuwa na mabaka ya njano. Msimu A unaanzia hapo.